Ishak wa Taipu na Fomu ya Kanada

Miaka ile ya mwanzo wa tisini, aliyetaka kujua nani yu mbioni kuhama Mombasa hakuwa na haja ya kudodosa majirani. Angekwenda tu kwenye varanda ya nyumba moja ya ghorofa karibu na mahakama ya zamani, akakaa kwenye benchi la Ishak wa Taipu, akanyamaza. Kabla ya adhana ya adhuhuri angekuwa ameshajua nani amepata mchumba Uingereza, nani anaitwa na shemeji yake Dubai, na nani anaomba ukaazi wa kudumu Kanada hali hata koti la mvua hana.

Ishak alikuwa mtu mfupi wa miaka hamsini na ushei, mwenye kofia ya viua iliyoanza kugeuka rangi na miwani iliyoshikizwa kwa uzi. Babake alitoka Kach, Bara Hindi, akiwa kijana, akaja kuuza misumari na bawaba Mji wa Kale, akazikwa Mombasa. Yeye Ishak alizaliwa hapo, akasoma hapo, akaoa hapo, na Kikachi alikizungumza na mamake tu, tena wakigombana. Kazi yake ilikuwa kujazia watu fomu kwa mashine ya taipu. Wewe ulikaa benchini, yeye akakuuliza jina, jina la baba, mwaka wa kuzaliwa, umeoa, hujaoa, una watoto wangapi, umewahi kufungwa, na wewe ukamjibu mbele ya watu kama uliyeko kwa daktari. Fomu za ofisi za balozi alizijua kwa moyo, za nchi saba. Sheria yake ilikuwa moja, na aliirudia mpaka ikawachosha watu: lisiloulizwa usilijibu, na lililoulizwa usiliruke.

Meza ya pili hapo varandani ilikuwa ya Naomi, mama wa Kigiriama kutoka upande wa Kaloleni, aliyeuza bahasha, stempu na karatasi za fulskepu. Wawili hao walikaa bega kwa bega miaka kumi na mmoja, wakitaniana asubuhi mpaka jioni. Naomi ndiye aliyemwambia siku moja, "Bwana Ishak, wewe wasafirisha watu kuliko bandari, na mwenyewe Nairobi yenyewe huijui."

Kweli alikuwa haijui. Lakini mwaka wa tisini na mbili Ishak naye alitia karatasi yake kwenye mashine akaanza kuandika jina lake mwenyewe.

Sababu yake ilikuwa moja tu, nayo ni Hussaina. Mkewe, Amtulla, aliharibikiwa na mimba tatu kabla ya kumpata binti huyo, na baada yake hakushika nyingine. Hussaina alikuwa na akili ya kemia, na Ishak alishaamua kwamba mwanawe atakuwa mfamasia, mtu wa koti jeupe na jina mlangoni. Vyuo vikuu vya hapa kila mara vilikuwa vimefungwa kwa migomo, na nafasi zenyewe za kugombania. Dadake Ishak, Rukaiya, alikuwa Toronto mwaka wa ishirini sasa, na kila barua yake ilisema njooni, njooni, nitawadhamini. Basi Ishak akajaza: yeye, mkewe, na binti wa miaka kumi na mitano. Penye kuuliza sababu ya kuhama aliandika: masomo ya binti yangu. Watu walimtania kwamba kinyozi hajinyoi. Yeye alicheka akasema huyu kinyozi ana kioo kizuri.

Fomu ikaenda, ikalala. Kila aliyepata kushughulika na mambo hayo anajua kwamba faili ya ubalozi ina usingizi kuliko mtoto aliyeshiba. Mwaka ukapita, ukapita wa pili.

Mwaka wa tisini na nne mamake Ishak akaugua. Alikuwa bibi wa miaka themanini, mkali, na maradhi hayakumpunguzia ukali hata kidogo. Akasema hafi mpaka amwone Hussaina ameozwa, na kama watamchelewesha ni shauri yao. Mposaji alikuwepo: Shukri, kijana wa Kibokoni, karani wa kampuni moja ya malori kule Shimanzi, ambaye wazazi wake na kina Ishak walikuwa wameshakunywa kahawa ya maneno hayo mara mbili tatu. Wazee wakakaa, wakapatana kama wanavyopatana watu wa mji huu: nikaha ifungwe sasa, bibi afurahi, na harusi ije baadaye, binti akimaliza masomo. Mpaka siku ya harusi bibi arusi hukaa kwao, hulala chumba chake, huenda shule yake, na bwana huja kusalimia Ijumaa akapewa chai na kaimati kama mgeni yeyote. Ndiyo ada, na hakuna aliyeiona ina kasoro.

Siku ile ya nikaha ilipikwa biriani ya sufuria mbili, Naomi naye akala, akafungiwa na ya nyumbani. Kadhi akaenda mpaka kwenye pazia la chumba cha ndani, na mashahidi wawili nyuma yake, akamuuliza Hussaina kama ameridhia. Mabinti wengi hapo hunyamaza, shangazi akasema amenyamaza, amekubali, mambo yakaisha. Hussaina hakunyamaza. Alisema, "Nimeridhia," kwa sauti iliyofika barazani. Wanawake wakaangua kicheko. Bibi kitandani akasema mtoto huyu hana haya, kisha akaomba maji. Wiki tatu baadaye akafariki, roho yake kunjufu.

Sasa ndipo ilipokuja ile karatasi. Mwaka wa tisini na tano ubalozi ulituma fomu ya kuuliza upya habari za jamaa wote walioko kwenye faili: anwani, afya, kazi, na kama mtu ana ndoa au hana. Ishak aliijaza asubuhi moja kabla wateja hawajaja, vidole vikienda vyenyewe. Alipofika kwa Hussaina akatia alama kwenye kisanduku cha asiye na ndoa. Hakudanganya. Msichana yuko chumba cha pili, ana madaftari yake mezani, mamake ndiye amsukaye nywele. Kwa Ishak na kwa mtaa mzima huyo alikuwa bado binti wa kwao, anayengoja harusi. Akatia sahihi, akanunua stempu kwa Naomi, akapeleka posta.

Miezi mitano baadaye ukaja mwito wa kwenda kuhojiwa Nairobi. Ishak aliingia varandani ameshika barua kwa mikono miwili, akamwonyesha Naomi barua na nakala ya fomu, maana alikuwa na tabia ya kuweka nakala ya kila kitu. Naomi akavaa miwani yake, akasoma mstari kwa mstari. Kisha akaiweka karatasi mezani taratibu.

"Bwana Ishak, hapa kwa Hussaina umekosea."

"Mimi? Herufi gani?"

"Si herufi. Umeandika hana ndoa. Na ile biriani niliyokula kwako, ilikuwa ya maulidi?"

Ishak akacheka. "Ile ilikuwa nikaha, mama. Harusi bado."

"Cheti kipo?"

"Kipo, ndani ya kasha."

"Kina muhuri wa kadhi?"

"Kina."

"Na jina la mume?"

Kicheko kikamkauka Ishak mdomoni. Naomi aliendelea kwa upole, kwa kuwa alimpenda mzee huyu. "Kwetu kanisani ukishatia sahihi umeoa, uwe umelala kwa mamako au kwa mumeo. Na hao wazungu wataisoma karatasi, hawatakuja Mji wa Kale kuuliza nani amsuka nywele nani."

Ndege mjanja hunaswa na tundu bovu. Ishak aliwahi kuwaambia watu mia, au mia mbili, kwamba mtoto huingia kwenye faili ya wazazi akiwa hajatimiza miaka kumi na tisa na hana ndoa. Akiwa na mume, yeye ni familia mbali na wazazi, na ajiombee mwenyewe. Tena aliwaambia kwamba ubalozi ukikugundua uongo, hata mmoja, unafunga faili nzima. Alijua yote hayo kama Alhamdu. Alikaa siku ile mpaka alasiri bila kupiga herufi moja, na wateja wawili wakaondoka kwa hasira.

Hofu humfanya mtu awe na akili za ajabu. Ishak hakuwa mtu wa hila, lakini wiki hiyo aliziokota hila zote zilizokuwa zimeachwa benchini kwake na wateja wa miaka mingi. Mwisho akashika moja: Shukri atoe talaka. Waliooana hawajaingiliana, kwa hiyo hata eda ya kungojea hakuna. Nusu ya mahari inayomstahiki binti itaangaliwa kwa wema, wataondoka, na akishatulia huko Hussaina atarudi kufungishwa nikaha upya na mtu yule yule. Kwenye karatasi ilikaa vizuri sana. Alimwendea Shukri kazini, wakasimama nje ya ghala, malori yakipita na kuwafunika vumbi.

Shukri alimsikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, kama inavyompasa mkwe. "Baba, mimi nakuheshimu," akasema. "Lakini talaka si stempu. Na nikiitoa, je, yeye mwenyewe asemaje?"

"Yeye ni mtoto. Nataka kheri yake."

"Muulize, baba. Akisema ndiyo, ntakuja na mashahidi leo leo. Hata sitangoja kesho."

Ishak alirudi nyumbani ameudhika. Kumuuliza! Miaka yote hii amekuwa akihangaika kwa ajili ya nani? Baada ya chakula akamwita binti mbele ya Amtulla, na badala ya kuuliza akasema: "Utakapoulizwa Nairobi, sema huna ndoa. Si uongo. Hujapelekwa kwa mume." Amtulla alitazama mkeka. Hussaina alimtazama babake, akanyamaza. Na Ishak, mtu wa kukuuliza mpaka jina la babu yako, aliuona unyamavu ule akasema moyoni, amenyamaza, amekubali.

Wakapanda basi pale Mwembe Tayari wote watatu, na kikapu cha mikate ya mofa, na Ishak akibadilisha mkoba wa karatasi kutoka paja hili kwenda lile mpaka Nairobi. Ubalozini waliitwa mapema. Chumba kilikuwa kidogo, na afisa alikuwa mama wa kizungu wa makamo, mwenye mafua, aliyekuwa akipenga kamasi na kuomba radhi kila mara. Alimuuliza Ishak habari za kazi, za Rukaiya, za nyumba watakayofikia. Alimuuliza Amtulla habari za afya. Yote yalikwenda kama maji mferejini. Ishak alianza hata kupumua.

Kisha yule mama akaigeuza fomu, akamwelekea Hussaina. "Wewe ndiye mwanafunzi. Kuna jambo lolote humu ambalo si sahihi, au limebadilika?"

"Liko," Hussaina akasema kwa Kiingereza chake cha shule. "Mimi nina mume."

Amtulla alitoa sauti ndogo. Hussaina akafungua mkoba wake, akatoa cheti cha nikaha. Alikuwa amekitoa kwenye kasha la babake, akakikunjua juu ya meza na kukilainisha kwa kiganja. "Nilifungishwa ndoa mwaka wa tisini na nne. Kwetu mtu hukaa kwa wazazi mpaka harusi, ndiyo maana baba aliandika vile. Hakukusudia uongo. Lakini mimi kadhi aliniuliza, na mimi nikamjibu kwamba nimeridhia. Siwezi kukwambia wewe kwamba sikujibu."

Afisa akakisoma cheti, mbele na nyuma. Akamtazama Ishak, ambaye alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Afisa hakufoka. Alisema amefanya vizuri binti kusema mwenyewe, kwa kuwa lingejulikana baadaye lingewaharibia wote watatu. Akachukua kalamu, akaweka rula juu ya jina la Hussaina, akapiga mstari, akaandika tarehe pembeni. Maombi ya wawili yataendelea, akasema. Binti na mumewe wanaweza kujiombea wakipenda, siku yao.

Ishak alikuwa amepiga mistari ya namna ile maelfu, juu ya majina ya watu wengine. Huo mmoja ulimwuma kama mtu aliyefiwa, na mimi simlaumu.

Hakumsemesha binti yake Nairobi, wala njiani, wala Voi basi liliposimama watu wanywe chai. Nyumbani aliendelea hivyo hivyo wiki baada ya wiki. Alikula akaondoka, alirudi akalala. Hussaina alimwamkia kila asubuhi, "Shikamoo, baba," naye akajibu marahaba kwa sababu kutojibu ni dhambi. Varandani alikuwa anapiga taipu kwa nguvu mpaka karatasi zikatoboka. Naomi alijaribu kumtania mara mbili, akaona haifai, akamwacha na stempu zake.

Mwezi wa nne ikaja bahasha nene. Viza mbili zilikuwa tayari, za Ishak na Amtulla. Wapeleke pasipoti, na muda wa kusafiri ni miezi sita. Mji ukajua siku ile ile, maana Mji wa Kale hauhitaji gazeti. Watu wakaja kumpa mkono wa heri. Mmoja akaulizia meza yake ya varandani itabaki kwa nani. Rukaiya akapiga simu kwa jirani mwenye simu, akalia kwa furaha, akasema chumba ameshakipaka rangi.

Usiku wake Amtulla alisema neno ambalo alikuwa amelitafuna tangu Nairobi. "Sisi wawili twaenda kufanya nini huko? Mimi nikasome famasia?"

"Watu washajua twaondoka," Ishak akasema.

"Watu ndio watakaokaa na wewe kwenye theluji?"

"Basi wewe wasemaje?"

"Mimi nitakwenda ulipo. Lakini yuko mtu mmoja humu hujamuuliza chochote tangu alipozaliwa."

Ishak aligeukia ukutani. Alikuwa na hasira, ila safari hii hakujua ni ya nani. Alijaribu kukumbuka ni lini alimuuliza Hussaina kama anataka kuwa mfamasia. Hakukumbuka. Alijaribu kukumbuka ni lini alimuuliza kama anataka Kanada. Alipitia mwaka baada ya mwaka, kwa utaratibu, kama anavyopitia fomu ya mteja, na kila mahali pa jibu la binti yake akakuta mwandiko wake mwenyewe.

Asubuhi ya Jumamosi hakwenda varandani. Hussaina alikuwa jikoni, anachagua mchele, ungo magotini. Ishak akasimama mlangoni na ile barua. Mtu aliyewauliza wageni mambo ya kitandani mwao bila kupepesa jicho, alisimama hapo akikohoa.

"Hussaina."

"Labeka, baba."

"Nina swali."

Akauweka ungo chini. "Uliza."

"Viza zimekuja, za mamako na mimi. Wewe..." Akaikunja barua, akaanza tena. "Wewe wapenda twende, au wapenda tukae?"

Hussaina aliyatazama mawe madogo ya mchele aliyokuwa ameyatenga kwenye kiganja.

"Nataka mkae," akasema. "Mimi sikuitaka Kanada hata siku moja. Shangazi Rukaiya aliitaka, na wewe ukaitaka. Nilipokuwa na miaka kumi na mitano nilikuwa nalia nikiona ile bahasha, mama ashuhudia. Famasia naipenda, ntaisoma hapa hata kama itachukua miaka kumi, na Shukri yuajua. Lakini nataka mkae. Nikizaa nataka mama awe karibu. Nataka wewe uwe karibu."

"Miaka minne, Hussaina! Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza, baba."

Hakulisema kwa ukali. Kama angelisema kwa ukali Ishak angepata pa kushika. Alikaa chini pale pale, juu ya mbuzi ya kukunia nazi, na barua ya ubalozi mkononi, akalia kwa sauti, kofia ikamteleza. Amtulla alikuja mlangoni, akaona, akarudi zake. Hussaina alingoja mpaka kilio kikapungua, kisha akamwinamia babake, akamrudishia kofia kichwani, akainyoosha kwa vidole viwili.

"Baba, sogea kidogo," akasema, na yeye mwenyewe sauti imemlowa. "Chakula kitachelewa. Nataka kukuna nazi."